Kaburi la Uwanja wa Mataruma

3 Machi

Nesi wa kliniki ya presha ameniambia niandike kila ninachokula mpaka masika yaishe, ndipo daktari aangalie upya dawa zangu. Nimenunua kaunta buku. Leo: chai ya rangi, chapati moja na nusu, wali maharage. Mchuzi wa wateja nimeuonja mara nyingi, ila nesi hakusema kama kuonja ni kula.

Mvua bado. Joto la kuivishia ndizi.

4 Machi

Ugali, mlenda, dagaa. Wateja wachache, Waislamu wamefunga. Mzee Mwinshehe naye amefunga, au ndivyo anavyodai. Nilimwambia mbele za watu kwamba kidevu chake kina mafuta. Akasema ni mafuta ya baiskeli, na kwamba mtumwa wa ukoo wake hana ruhusa ya kumkagua bwana wake kidevu.

Nesi, kama utasoma, usishtuke. Huyu mzee anatengeneza baiskeli pembeni ya banda langu la chakula, na ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wa mama yangu ni watani tangu zamani ambayo hakuna anayeijua. Tunatukanana, tunanyang'anyana vitu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Tangu nizaliwe hajawahi kuniambia neno moja la kweli, wala mimi sijamwambia. Lakini mmoja akifa, upande wa pili ndio unaoshika majembe na kumzika. Ndivyo tulivyo huku.

7 Machi

Mchana sijala, kwa hiyo sina la kuandika, ila nina la kusema.

Afisa mipango miji amepita na watu wake wakipima Uwanja wa Mataruma. Ni kile kiwanja nyuma ya stesheni ya zamani, ambapo reli ilikuwa ikirundika mataruma yake ya kulazia vyuma. Siku hizi pana nyasi, mikrismasi michache ya kivuli, magoli mawili ya miti, na ukingoni mabanda yetu. Langu ndilo la kwanza ukitokea barabarani. Nimepika pale tangu mume wangu afariki, na pale ndipo ilipotoka ada ya shule ya watoto, bati la nyumba na dawa za presha hizi hizi.

Tangu treni mpya ianze kupita, kila mwenye suti anakitazama kiwanja hicho kama nyama buchani. Mwekezaji mmoja wa Dar ameomba kujenga ghorofa la maduka. Halmashauri nayo, kwenye rasimu ya ramani mpya ya mji, imekipaka rangi ya kijani: eneo la wazi la umma, bustani ya kupumzikia. Litafanyika moja kati ya hayo mawili. Ikiwa bustani, mabanda yanaondoka. Ikiwa ghorofa, mabanda yanaondoka vilevile, lakini Ashrafu, yule kijana anayemsemea mwekezaji, ametuahidi kila mmoja fremu ya duka ya chini.

Basi hata mtoto wa chekechea angejua mimi ni mtu wa ghorofa. Debora pia, jirani yangu wa banda, anayeuza chai na juisi. Mimi na Debora tumekuwa tukiwashiana jiko miaka yote hiyo.

Bustani ya kupumzikia. Sijui watu wa Kilosa wamechoka nini, maana mimi ninayechoka kweli sitaruhusiwa kuingia humo na masufuria yangu.

12 Machi

Wali, mchicha. Mawingu yamekuja yakaondoka.

21 Machi

Idd. Wamesali uwanjani, kanzu nyeupe mpaka kwenye magoli. Pilau limeisha saa sita. Mzee Mwinshehe amechukua paja la kuku kwenye sufuria bila kuomba, kwa haki yake ya utani. Nami nimechukua pampu yake ya baiskeli, nitamrudishia nikijisikia. Nimekula pilau kuliko nesi angependa.

24 Machi

Leo ulikuwa mkutano wa hadhara wa maoni. Naandika yote kwa sababu nina wasiwasi, na wasiwasi wangu bado haujapata jina.

Walifunga turubai palepale uwanjani. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Elikana, alifungua kwa maneno marefu. Kisha akasimama afisa mipango miji mwenyewe, anaitwa Alex, kijana mpole wa mikoa ya ziwa, ana miezi michache tu hapa. Ana adabu, aliamkia shikamoo mpaka watu wanaolingana naye. Alieleza kijani kwenye ramani maana yake nini, na kwamba mwenye pingamizi aseme, litaandikwa.

Ashrafu akazungumza juu ya ghorofa na ajira. Debora akazungumza vizuri sana, karibu nilie. Nikasimama na mimi nikasema bustani hailiwi, na watu wakapiga makofi.

Hapo ndipo Mzee Mwinshehe alipoinuka, anajipangusa mikono kwa tambara lake jeusi. "Nina pingamizi," akasema. "Watani zangu hawa, ukoo wa huyu mama wa mchuzi wa maji, walimzika babu yangu kwenye uwanja huu. Pale penye banda lake. Miaka yote anachemsha maharage juu ya kichwa cha babu. Halijengwi ghorofa wala haipandwi bustani mpaka nipewe mbuzi."

Watu walicheka, viti vya plastiki vikaanguka. Na mimi nitajibu nini, mtani akikutupia? Nikasema ni kweli tulimzika pale, tena mbali na makaburi ya watu, kwa sababu alikuwa mwizi wa mbuzi na bado anadai mbuzi kutoka huko aliko. Wakacheka zaidi. Hata Elikana alivua miwani akafuta machozi.

Kijana Alex hakucheka. Alikuwa anaandika.

Chakula: sikumbuki.

27 Machi

Alex amekuja bandani. Akanywa chai, akaniambia kwa upole kwamba shughuli yote imesimama. Ramani haiwezi kupitishwa wala ombi la mwekezaji kusikilizwa, kwa kuwa kwenye muhtasari wa mkutano pana kaburi.

Nikamwambia ule ulikuwa utani. Akaniuliza utani ni nini hasa. Nikamweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Mtu ukieleza utani kwa asiyeujua unaonekana una wazimu. Akasema anaelewa, ila watu wawili wa koo mbili wamesimama mbele ya wananchi wakasema jambo moja na hakuna aliyepinga. Yeye hawezi kuandika kwamba walikuwa wanacheka. Mzee akane mwenyewe, basi.

Tukamwita Mzee Mwinshehe, alikuwa hatua chache tu, na gurudumu mkononi. Akamtazama Alex kwa huzuni kubwa, huzuni ya uongo ninayoijua tangu nikiwa mdogo, akasema, "Kijana, unataka nimkane babu yangu?"

Nikamuuliza Alex kwa nini wasichimbe wakaona. Akasema ameshauliza. Shekhe na mchungaji wote wamekataa maiti kutafutwa kwa jembe bila idhini ya ndugu, na ndugu ndiye huyu mwenye gurudumu. Mzee akasema wachimbe babu zao kwanza.

Kisha Alex akaniambia jambo lililonimaliza nguvu. Amezungukia wazee, wamemwambia kwamba huku watani ndio wanaozika. Kwa hiyo mwenye kujua alipozikwa babu yake Mwinshehe si Mwinshehe, ni ukoo wangu. Kikao kitakuwa Mei, mvua zikipungua, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

1 Aprili

Mvua imeanza. Uji, viazi. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

4 Aprili

Sasa kila mtu analikumbuka kaburi. Fundi cherehani wa upande wa pili anasema mama yake alikuwa akimkataza kucheza pale jioni. Muuza vocha anasema liliwahi kuwepo jiwe. Mama mmoja wa Chanzuru aliyeleta mchicha anasema alisikia habari hizo tangu akiwa binti, wakati wiki mbili zilizopita alikuwa akicheka mkutanoni pamoja na wengine, nilimwona kwa macho yangu.

Debora anasema ni upuuzi mtupu. Halafu jioni nikamwona akimwaga maji ya kuoshea vikombe upande wa barabarani, si kule nyuma ya banda langu tulikozoea. Nikamuuliza. Akasema hapo nyuma pana matope.

Mimi mwenyewe leo nimesogeza jiko. Sijui nimelisogeza kwa nini.

5 Aprili

Pasaka. Kanisani, kisha kuku, wali wa nazi, soda moja. Sijajizuia.

9 Aprili

Nimetoka Mikumi kwa kaka yangu Kasian. Ndiye mkubwa aliyebaki kwa upande wa mama, na kwetu mambo ya ukoo huulizwa upande wa mama. Ni mlinzi kwenye hoteli ya watalii. Nilimkuta amevaa koti la mvua linalomfika miguuni, anafukuza nyani kwenye mapipa ya taka.

Nilimweleza kuhusu bustani, naye akatikisa kichwa. Anasema ameishi kando ya hifadhi nusu ya maisha yake na amejifunza kwamba ardhi ikishakuwa ya wote, mtu mmojammoja anaitazama kutoka barabarani. Halafu dakika hiyohiyo akasema isingetengwa, leo hata hao nyani wasingekuwepo, pangekuwa maduka ya simu kutoka hapo mpaka mtoni. Nikamuuliza basi yeye yuko upande gani. Akasema yeye yuko upande wa mapipa.

Nikamuuliza la kaburi. Akasema babu yetu mzaa mama aliwahi kusimulia kwamba mwaka mmoja wa mafuriko walizika mtani kando ya reli, kwa sababu mto Mkondoa ulikuwa umejaa na makaburi yako ng'ambo. Waliazima majembe kwa wafanyakazi wa reli.

Nikauliza ni mtani yupi. Kasian anafikiri ni babu yake Mwinshehe. Au ndugu wa huyo babu. Au kibarua mmoja wa reli asiye na kwao, aliyeitwa mtani ili apate wa kumzika. Na kando ya reli ni wapi, maana reli ni ndefu? Hajui. Kisha akanimalizia kwa kusema hadithi hiyo babu aliisimulia kilabuni kwenye pombe, na pale kilabuni walikaa watani tupu.

Nilikwenda na swali moja, nimerudi na matano. Chakula: nyama choma nusu, ndizi, na ushauri usiokwenda popote.

13 Aprili

Mvua. Mvua. Mihogo.

17 Aprili

Sijui niseme nini kwanza.

Alfajiri Mkondoa umepasua kingo. Tulisikia kelele kutoka bondeni, na kulipopambazuka watu walikuwa wanapanda kuja huku juu na magodoro kichwani, na kuku, na televisheni zimefungwa kwa khanga. Walikuja Uwanja wa Mataruma. Sikuwahi kufikiri kwamba uwanja ule uko juu. Watu wa reli waliujaza kokoto zamani, na maji yalikuja yakauzunguka pande tatu yakaishia hapo. Kufika saa mbili hapakuwa na pa kukanyaga.

Mimi na Debora hatukuambiana kitu. Yeye aliwasha majiko, mimi nikatoa mchele wote, na maharage, na unga. Waliokuwa na kuku wakatoa kuku. Mzee Mwinshehe alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni anapokea watoto, ananitukana kutoka hukohuko kwamba ugali wangu ungetosha kuziba mto.

18 Aprili

Bado wako. Tumepika.

19 Aprili

Bado wako. Wamefunga maturubai kwenye mikrismasi na kwenye magoli. Leo Alex naye yuko hapa, suruali imekunjwa, anagawa maji ya kunywa. Elikana pia. Ashrafu alipiga simu kutoka Dar kuuliza kama kiwanja kimeingia maji, na nilipomwambia hakijaingia alifurahi sana.

Jioni niliketi kwenye ndoo nikawatazama wale watu. Nikajiuliza kama pangekuwa na ghorofa, wangesimama wapi. Kisha nikajiuliza kama pangekuwa na bustani bila banda langu, wangekula nini. Nilizunguka hapo mpaka uji ukaungua. Nimechanganyikiwa, nasema wazi. Nilipoanza daftari hili nilikuwa najua ninachokitaka.

23 Aprili

Maji yamepungua, wengi wamerudi kusafisha nyumba zao. Uwanja ni tope na maganda ya ndizi. Sina mchele hata wa kunusa. Debora amenikopesha sukari yake, kisha tukacheka kwa sababu sina cha kutilia sukari.

26 Aprili

Mzee Mwinshehe anaumwa kifua tangu siku ile ya maji. Nimemwendea nyumbani na uji wa ulezi. Amekonda, sauti imekuwa ya kukwaruza. Alipofumbua macho akauliza kama nimekuja kumpima urefu.

Nilijibu nilivyopaswa, kwamba shimo lake tutalichimba fupi, miguu ibaki nje. Mke wake akacheka akaenda nje kuchuma kisamvu. Tukabaki wawili.

Nikamwambia, "Mzee, leo sikutanii. Naomba uniambie ukweli. Pale pana kaburi?"

Sijawahi kumwita kwa sauti ile. Aligeukia ukutani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nikikuambia ukweli utakuwa si mtani wangu tena. Halafu nani atanizika?"

Nikakaa pale na bakuli mkononi mpaka uji ukapoa. Nilikasirika, nesi, na kukasirika ndiko kulikokatazwa. Mtu mmoja tu duniani huenda anajua, na mtu huyo hawezi kuulizwa na mimi, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kumwita mwongo ila mimi. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye manyunyu. Sikula.

2 Mei

Ashrafu amekuja mwenyewe, viatu vyake vimeharibika kwa tope. Amesema kwa lugha laini kwamba nikieleza tu kwamba ulikuwa utani, fremu ya kona ni yangu, ile inayotazama stesheni. Hakunitisha wala hakunihonga, aliniambia tu nafasi ilivyo. Alipoondoka Debora alinishika mkono. Alisema, "Dada, si unasema tu ukweli? Kwani kuna shida gani kusema ukweli?"

Nikamwambia siujui. Akadhani namzungusha. Debora ana watoto watatu wadogo, na tumbo lake limeanza kuonekana.

6 Mei

Mlenda, ugali. Jua limetoka kidogo. Watu wa bondeni wamepita kunishukuru, mmoja ameleta bata. Nimemfunga nyuma ya banda, mahali pale, na bata amelala pale bila wasiwasi wowote. Nimemtazama bata muda mrefu kana kwamba yeye ndiye shahidi.

12 Mei

Kikao kimekuwa leo, ofisi ya kata. Alex mezani, Elikana pembeni yake, wazee watatu, Ashrafu, Debora na wenye mabanda, na watu dirishani. Mzee Mwinshehe aliletwa na bodaboda, blanketi begani, akakalishwa kiti cha mbele. Hakunitazama. Alitazama dari mfano wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Alex aliuliza kwa heshima, pole pole, ili kila mtu asikie. "Mama Agnesi, ukoo wenu ulimzika babu yake Mzee Mwinshehe kwenye Uwanja wa Mataruma, au ulikuwa utani?"

Nilikuwa nimeshajipanga. Usiku kucha nilikuwa nimejipanga kusema, afisa, ulikuwa utani, tusameheane. Nilifungua mdomo na neno hilo. Nikamwona Debora ananiitikia kwa kichwa kunitia moyo. Nikaona kisogo cha yule mzee, shingo imekuwa nyembamba kwenye blanketi. Nikakumbuka magodoro kwenye mikrismasi, na babu yangu kilabuni, na majembe ya kuazima. Nikaona kwamba nikisema mbele ya serikali kwamba yale yalikuwa maneno ya uongo, nitakuwa nimesema kwamba mimi na mzee huyu maisha yetu yote tulikuwa tunadanganyana tu.

Hayo nayasema sasa, baada ya chai. Wakati ule sikufikiri chochote. Nilisikia sauti yangu inasema, "Tulimzika."

Alex akauliza wapi. Nikasema chini ya banda langu.

Hakuna aliyecheka. Elikana alivaa miwani yake vizuri akanitazama. Mzee Mwinshehe alishusha macho kutoka darini akayaweka miguuni kwake, basi. Alex akaandika. Akatangaza kwamba kwa ushahidi huo ombi la kujenga halitaendelea, uwanja utabaki eneo la wazi la umma kama rasimu inavyosema, mahali pa kaburi patawekewa alama, na mabanda yote yaondolewe kabla ya mwezi kuisha. Ashrafu alifunga mkoba wake akatoka.

Sijui kama nimesema ukweli au uongo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

13 Mei

Wamekuja na rangi nyekundu. Kila banda lina X. Langu waliliandika mwisho, kijana wa rangi aliniomba radhi.

Debora alikuwa anafunga vikombe vyake kwenye magazeti. Nilimwendea nikaanza kusema kitu. Akaniambia bila kupandisha sauti, "Umemzika mtu usiyemjua, na mimi nikiwa hai umenizika naye." Akachukua jiko lake akaondoka. Nilitamani anipige.

Sijui alikokwenda. Nimeuliza, wanasema kwa dada yake Msowero. Wengine wanasema Dumila.

19 Mei

Chai.

22 Mei

Nimekwenda Msowero. Hayupo. Dada yake alinikaribisha ndani, akanipa maji, akasema Debora hataki kuniona na kwamba niheshimu hilo. Nimemwachia sukari. Nimerudi.

30 Mei

Leo tumebomoa banda. Kasian amekuja kutoka Mikumi kunisaidia, na watu wawili wa bondeni ambao sikuwaita. Mvua zimekwisha kabisa, anga kavu. Uwanjani watoto walikuwa wanacheza mpira, na mama mmoja amekaa chini ya mkrismasi ananyonyesha, amenyoosha miguu, hana haraka. Nilimwonea wivu. Kisha nikafurahi kumwona. Kisha nikamwonea wivu tena.

Tulipokuwa tunang'oa nguzo nilisimama karibu na kila shimo nikichungulia. Kasian aliniona, akaendelea kung'oa. Mashimoni mlikuwa na kokoto za reli na udongo mwekundu, na shimo la mwisho lilikuwa na udongo mweusi kidogo, lakini pale ndipo nilipokuwa nikimwaga majivu.

Mzee Mwinshehe alikuja na fimbo, amepata nguvu. Baiskeli zake amezihamishia nyumbani kwake. Aliketi kwenye ndoo yangu akatutazama tukifanya kazi, kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilisubiri atukane masufuria yangu. Nilisubiri adai mbuzi. Akakaa tu. Nilipopita karibu yake nimebeba mbao aliushika mkono wangu, mkono wake mkavu na mwepesi, akasema taratibu ili Kasian asisikie, "Nakushukuru, mwanangu."

Hilo halikuwa neno la mtani. Mwanangu. Nilimtazama machoni na nikaona kwamba nikiuliza sasa hivi, atajibu. Angejibu kweli, alikuwa amekaa tayari kujibu, na hofu ilikuwa imemjaa usoni.

Nikautoa mkono wangu. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka golini kwamba mimi si mwana wa mtu asiye na babu, na kwamba kama amemaliza kukalia ndoo ya watu aiache, maana hata shimo la kumtupia sijaamua kama nitamchimbia au nitamwachia mto. Wale watu wa bondeni walishtuka. Kasian akaanza kucheka. Mzee alinitazama kidogo, kisha akaiokota fimbo yake na kusema mtumwa huyu tangu alishwe bata amepata kiburi, na mchuzi wake ndio uliomfukuza marehemu kutoka kaburini.

Tuliendelea hivyo mpaka bati la mwisho likashuka. Sauti zetu zilikauka wote wawili, na sikumuuliza tena.